“Zuri” na “Ema” Zifundishwe Ndani ya Sentensi

Wilaya ya Ngara, Tanzania, imepakana na Rwanda na Burundi, na Kihangaza cha wenyeji ni ndugu wa Kirundi. Kwa Kirundi, “umuntu mwiza” aweza kuwa mtu mrembo au mwenye utu.

Mrundi akijifunza Kiswahili hapo, au jirani Biharamulo, anakutana na vivumishi viwili. “Zuri” husifu sura, ladha, hata tabia; “ema” huelemea utu, heri na salamu. Halafu ngeli: mtu mwema, watu wema, neno jema, habari njema!

Kumkaririsha orodha ya maana ni kumchosha bure. Hata “bueno” ya Kihispania hubadilika kwa kitenzi: ikiandamana na “ser” husifu tabia, na “estar” ladha ya chakula. Mwalimu aanze na ndizi nzuri, bei nzuri, safari njema.