Asilimia 100 ya watoto gani? Namna tunavyolinganisha shule zetu za sekondari Uvira

Kila mwaka matokeo ya Mtihani wa Serikali, ule tunaouita Exetat, yanapotoka, mji wa Uvira hubadilika kwa saa chache. Simu zinalia, vijana wanamwagiana poda nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi kutoka Kavimvira hadi Kalundu. Jumapili inayofuata tangazo linasomwa kanisani: shule yetu imepata asilimia 100, tumshukuru Mungu. Kisha wazazi wanaanza kulinganisha. Shule hii 100, ile 92, ile nyingine 68. Mwezi wa tisa ukifika, hesabu hiyo ndiyo inayoamua mtoto apelekwe wapi na minervali ilipwe wapi.

Wapendwa, kushangilia si kosa. Mtoto aliyesoma kwa taa ya simu akapata diploma anastahili poda yake. Lakini asilimia ile inapima kitu kimoja tu: kati ya wale waliokaa kwenye mtihani, wangapi wamepata 50% au zaidi. Haisemi ni wangapi walistahili kukaa pale na hawakuonekana.

Tuchukue shule mbili za mfano. Kila moja ilipokea watoto 60 katika mwaka wa kwanza wa humanités, darasa ambalo wengi bado wanaliita la tatu. Shule ya kwanza, miaka minne baadaye, inaandikisha watahiniwa 20 na wote wanafaulu: asilimia 100. Shule ya pili inaandikisha 50, wanafaulu 35: asilimia 70. Katika mazungumzo ya mjini, ya kwanza ndiyo shule na ya pili ni ya kuhurumiwa. Lakini turudi kwenye wale 60. Shule ya kwanza imefikisha watoto 20 kwenye diploma, ya pili imefikisha 35. Mzazi anayeandikisha mtoto leo angepaswa kuuliza habari za wale 60, wala si za wale 20 peke yao.

Wale 40 walikwenda wapi? Wengine walihama na familia zao, na hilo si kosa la shule. Wengine minervali iliwashinda. Shule ya msingi ya umma ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na katika mwaka wa mwisho kuna pesa za kushiriki mtihani juu yake. Wasichana wengine waliolewa au walipata mimba. Na wengine, tuseme ukweli, walifukuzwa kwa upole. Mtoto dhaifu anaambiwa mwishoni mwa mwaka kwamba amepita, ila atafute shule nyingine. Anapokelewa huko, anaanguka mtihani huko, na anguko lake linaandikwa kwa jina la shule iliyomhurumia. Iliyomtoa inabaki na 100 yake.

Jambo hili linatugusa sisi hasa. Tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za pwani hii, kutoka Uvira kupitia Makobola na Mboko hadi Baraka, ni shule za umma zinazosimamiwa na jumuiya za ECC: CEPAC, CELPA, Methodiste Libre na nyingine. Zinaitwa kwa jina la kanisa. Katika Luka 15 mchungaji anawaacha kondoo tisini na tisa na kumfuata mmoja aliyepotea. Prefe anayesifiwa kanisani kwa 100% ana kishawishi cha kufanya kinyume chake, maana kondoo mmoja dhaifu anaharibu hesabu. Simlaumu prefe peke yake. Sisi tunaopiga makofi ndio tunaomfundisha hesabu hiyo.

Kuna udhaifu mwingine katika asilimia. Shule yenye watahiniwa 8, mmoja akiumwa malaria siku ya mtihani na kuanguka, inashuka kutoka 100 hadi 87.5. Shule yenye watahiniwa 120 haitikisiki kwa mtoto mmoja. Tena kuna shule ambazo walimu wake wengi bado hawajalipwa na Serikali, wanaishi kwa mchango wa wazazi, na kuna zile ambazo walimu karibu wote wana matrikule na mshahara. Kuziweka kwenye mstari mmoja ni kama kushindanisha mwenye baiskeli na mwenye pikipiki. Na pale ambapo wazazi wanachangishwa pesa za “kuwapokea wasimamizi”, asilimia haipimi tena elimu. Inapima mfuko.

Majirani wetu ng'ambo ya ziwa walichoka na mashindano haya. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, liliacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi 10 bora. Lilisema shule hazifanani katika mazingira yake, na kwamba kuzitangaza ni kuzifanyia biashara. Naelewa sababu, ila sidhani kunyamaza kunatosha. Matokeo ya kila shule bado yanaonekana, na mtu mwenye kalamu atapanga orodha yake mwenyewe.

Ufaransa, ambako mfumo wetu wa shule una mizizi fulani kupitia Ubelgiji na lugha, walichagua njia nyingine. Tangu miaka ya 1990 wizara yao inatoa namba zaidi ya moja kwa kila lycée. Ya kwanza ni waliofaulu bac. Nyingine inahesabu ni wangapi kati ya walioingia mwaka wa kwanza wa lycée walifika hadi bac katika shule ileile. Kisha wanalinganisha matokeo na yale yaliyotarajiwa kwa wanafunzi wa umri ule, wa kiwango kile walichoingia nacho, wa familia za hali ile. Hapo shule ya mtaa maskini inaweza kuonekana imefanya kazi kubwa kuliko shule maarufu iliyochagua watoto wazuri mlangoni.

Hesabu ya hali za familia ni ngumu kwetu, sikatai. Ila ile ya pili haihitaji kompyuta. Inahitaji rejista ya majina ya mwaka wa kwanza na orodha ya watahiniwa wa mwaka wa mwisho, zikawekwa mezani pamoja. Kamati ya wazazi ikae nazo alasiri moja, jina kwa jina: huyu yupo, huyu alihama, huyu alikosa minervali, huyu tulimtoa sisi.

Na miaka hii lazima kuwe na safu moja zaidi, ya vita. Februari 2025 Bukavu ilianguka na uongozi wa jimbo ukahamia Uvira. Watoto waliokimbia wakaja. Desemba 2025 vita vikaingia Uvira yenyewe, na familia nyingi zikavuka kwenda Burundi. Anayelinganisha asilimia za mwaka huo na za miaka ya nyuma, au shule iliyopokea wakimbizi na ile iliyofunga mlango, analinganisha vitu visivyofanana kabisa. Shule iliyompokea mtoto katikati ya mwaka, bila bulletini, bila kalamu, kisha akaanguka mtihani kwa pointi chache, haikushindwa kwa sababu yake. Iandikwe pembeni kwamba ilimpokea.

Pale rejista ilipopotea kwa mafuriko au kwa kukimbia, walimu waliobaki wanakumbuka majina, na mama wa mitaani wanakumbuka zaidi. Kazi inaweza kuanza kabla ya mwezi wa tisa. Na siku ya tangazo kanisani, mchungaji amwombe prefe asome namba mbili: waliofaulu, na walioanza.