Ati Timu Dhaifu

Ati Metallurg Novokuznetsk ilikuwa timu dhaifu, ndiyo maana ligi ya KHL ikaitimua 2017. Hoja hiyo mashabiki wa hoki ya barafu huirudia kama dua, nami inanikera.

Haya, tuhesabu. Sergei Bobrovsky, golikipa aliyebeba Kombe la Stanley 2024 na 2025, ni mtoto wa jiji hilo la Siberia. Dmitry Orlov, aliyelibeba 2018, vilevile. Kirill Kaprizov pia. Wote walilelewa na Metallurg, wakaenda palipo na pesa. Siwalaumu. Lakini Bobrovsky alipohamia Philadelphia 2010, NHL na Urusi hazikuwa na mkataba wa fidia ya uhamisho. Unalea mtu toka utotoni, anachukuliwa hivi hivi, halafu unachekwa kwamba umefungwa!

Na huko kuchukuliwa ni kwa zamani. Kuznetsk ilikuwa kimji tu tangu 1618. Kuanzia 1929 kikajengwa kiwanda kikubwa cha chuma, na kati ya wajenzi walikuwemo wakulima waliong'olewa makwao kwa nguvu. Wao wakachimba misingi, jiji likaitwa Stalinsk, hadi 1961. Chuma kikaondoka kwa treni, makaa ya mawe nayo. Machi 2007 mlipuko katika mgodi wa Ulyanovskaya, jirani na jiji, uliua watu 110.

Metallurg ilikuwa ikipigwa, sibishi. Ila ligi ingeanza kwa kuuliza wachezaji wake wako wapi, na nani alilipia.