Watayarishaji muziki wanaogeukia udijei wasikimbilie mitambo ya bei

NI kinaya kwamba Kiambere, eneo la Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, hufahamika kwa umeme ilhali kijana anayetaka kuchuma riziki kwa muziki mashambani humo sharti kwanza ajiulize umeme atautoa wapi. Bwawa la huko katika Mto Tana lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, na mitambo ilipoimarishwa mwaka 2009 uwezo wake ulipanda kutoka megawati 144 hadi 168. Hata hivyo, hafla ya uwanjani, mbali na nyaya, hutegemea jenereta.

Suala hili lina uzito kwa mtayarishaji wa muziki anayewazia udijei. Msanii chipukizi aghalabu hurekodi kwa mkopo, ilhali dijei hutarajia malipo yake siku ya harusi. Wahenga walinena kuwa mshika mbili moja humponyoka, lakini nchini Kenya kazi hizi ni pacha. Ogopa Deejays, waliovumisha nyimbo za E-Sir na Nameless mwanzoni mwa miaka ya 2000, walibeba jina la udijei ilhali sifa zao zilitoka studioni.

Hatari ni kuuza vifaa vya studio ili kununua mitambo ya kilabu. Mtayarishaji tayari ana kompyuta, hedifoni na sikio lililozoea kuhesabu mapigo. Anachokosa ni kontrola ndogo ya njia mbili.

Kabla ya kulipa, achunguze mambo matatu. Kwanza, kontrola iwe na kadi ya sauti inayotenganisha sauti ya hadhira na ile ya hedifoni, ili ausikilize wimbo unaofuata kabla umati haujausikia. Pili, iwe inapata nguvu kutoka kwa kompyuta kupitia waya wa USB. Jenereta ikizimika, spika zitanyamaza, lakini kazi yake haitapotea maadamu betri ya kompyuta ni nzima. Tatu, aulize iwapo programu inayoandamana nayo ni kamili au imepunguzwa, asije akadaiwa pesa zaidi baadaye.

Spika zisubiri. Zile za studio zimeundwa kwa msikilizaji aliye karibu. Akizilazimisha kuujaza uwanja wa shule, huenda zikaungua. Ni heri akodishe kubwa kwa kila hafla hadi mapato yaruhusu.

Kuna pia sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda nyimbo zinazochezwa hadharani, na kanuni za mwaka 2009 za mazingira zinadhibiti kelele. Mtayarishaji aliyezoea kulalamikia mirabaha sasa atakuwa mtumiaji wa jasho la wenzake. Kabla ya hafla, yeye na mwandalizi wakubaliane ni nani atakayelipia leseni.

Tofauti kubwa, hata hivyo, si vifaa. Studioni kosa hufutwa na kurekodiwa upya. Mbele ya umati halifutiki. Ndiyo maana miezi ya mazoezi kwa kontrola ya bei nafuu ina faida kuliko mtambo ghali usiozoeleka. Na asiifunge studio yake: nyimbo alizozitunga mwenyewe ndizo bidhaa ambayo dijei wa kijiji jirani hawezi kuikodisha popote.