Faini Unayoikataa
Trafiki akikuandikia kosa ukiwa na pikipiki, faini ni shilingi 10,000. Kwa gari, 30,000. Wengi hapa chuoni tunalipa hata kosa tunalolikataa, eti yaishe. Lakini kulipa ni kukiri! Sheria ya Tanzania inakuruhusu kukataa, kesi iende mahakamani, na huko wa kuthibitisha ni upande wa mashtaka, si wewe. Shida ni muda. Kesi ya elfu kumi inakula vipindi, nauli, pengine na testi (na ikiahirishwa je?). Haki ya hivyo ni ya wenye nafasi. Mimi nataka faini zinazobishaniwa zisikilizwe Jumamosi, na serikali ya wanafunzi, badala ya bonanza jingine, ipeleke ombi hilo mahakamani muhula huu.