Bustani ya Msimbazi Iwe Mali ya Umma

Mto Msimbazi hauna kosa. Huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, ukateremka kupitia Vingunguti, Kigogo na Jangwani, ukamwaga maji yake baharini penye Daraja la Salenda. Kila masika mto huo hudai njia yake ya asili, na kila masika mji wa Dar es Salaam hushangaa kana kwamba haujapata kuonywa. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 mjini humo, na wengi wa walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 zikaja zamu za matingatinga kuvunja nyumba za mabondeni. Hata hivyo wapo waliorudi, kwani Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na kibarua hakimngoji mtu aliyekosa nauli.

Kwa sababu hiyo mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi unastahili kuungwa mkono na kila mpenda maendeleo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 kwa kazi hiyo. Katika mpango huo daraja la Jangwani linajengwa upya kwa kuinuliwa, mkondo wa mto unapanuliwa, wakazi wanahamishwa kwa fidia, na mahali pa makazi pawekwe bustani kubwa ya mji, itakayoyapokea maji wakati wa mvua na kuwapokea wananchi wakati wa kiangazi. Fikra hiyo ni sahihi kabisa. Nyasi zikifunikwa na maji kwa siku tatu hazimlizi mtu.

Lakini mkopo ni deni, na deni hilo litalipwa na mkulima wa pamba wa Shinyanga sawasawa na mwenye nyumba wa Upanga. Hapana budi basi kuulizwa mapema: bustani hiyo ni ya nani?

Swali hili si la uchokozi. Dar es Salaam ina historia ndefu ya kumega bustani zake. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 imepunguzwa kidogo kidogo hata imebaki kipande tu cha ukubwa wake wa awali. Viwanja vya wazi mitaani, ambavyo watoto walichezea chandimu, vimeota maduka, gereji na kuta za watu binafsi, na mara nyingi wavamizi walikuwa na karatasi zenye mihuri. Ardhi ya Jangwani iko hatua chache kutoka Kariakoo. Siku itakapokauka na kupendeza, wenye fedha wataiona, nao watakuja na michoro ya hoteli na kumbi za harusi. Mtu aliyeondolewa bondeni kwa hoja kwamba hapakaliki hawezi kuelezwa baadaye kwamba pamekalika kwa mwingine.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba si makabwela peke yao walioukalia mto. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa papo hapo Jangwani na wataalamu wenye vipimo na shahada, ikafurika mara kwa mara, na sasa mradi huu huu unagharimia kuihamisha. Hata Yanga, klabu ya Jangwani yenyewe, wamekiona kiwanja chao cha Kaunda kikigeuka bwawa. Basi lugha ya kuwaita wakazi wa bondeni wakaidi haina haki.

Zaidi ya hayo, bustani ya Jangwani haiwezi kuishi kwa juhudi za Jangwani pekee. Mchanga unaojaza mkondo hutoka juu, pale misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inapokatwa kwa mkaa, na pale kingo zinapochimbwa kwa ajili ya matofali ya mji huo huo. Mvua ikipiga udongo usio na miti, maji hayanywewi. Huteremka yote kwa pamoja yakiwa yamebeba mchanga, mifuko ya plastiki na maji machafu ya viwanda. Chini, mlangoni mwa mto, mikoko ndiyo hupokea balaa hilo. Mchu huota mizizi inayochomoza juu ya tope kama vidole ili ipate hewa. Ikifunikwa na mchanga na taka, mti hufa. Nao mti huo ukifa, kamba na samaki wachanga hukosa maficho, na pwani hukosa kizuizi cha mawimbi. Wavuvi wanalijua jambo hili bila kusomeshwa na mtu. Kurudishwa kwa mikoko na misitu ya Pugu si pambo la mradi, na fedha zake zisiwe za kwanza kupunguzwa pale saruji itakapopanda bei.

Kabla mche wa kwanza haujapandwa Jangwani, mipaka ya bustani yapasa itangazwe katika Gazeti la Serikali, na ramani yake ibandikwe katika kila ofisi ya kata kuanzia Vingunguti hadi Upanga. Wakati wa kutafuta watunza bustani, walinzi na wapanda mikoko, majina ya kwanza yatoke katika orodha ya waliohamishwa. Orodha hiyo ipo; ndiyo iliyotumika kuwalipa fidia.