Sanaa Si Kimbilio la Walioshindwa Fizikia

Kuna imani iliyoota mizizi majumbani na shuleni kwetu: mtoto mwenye akili asome PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati; anayebaki aende kwenye sanaa. Imani hii ni potofu, na inatupotezea vipaji. Inamfanya mwanafizikia aone kuchora ni mchezo, na mchoraji aikimbie hesabu kana kwamba si mali yake.

Anayeishikilia atoke Magogoni, jijini Dar es Salaam, apite Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, kisha ainue macho. Paa la Soko Kuu, lililofunguliwa mwaka 1975, ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake. Aliyelibuni ni Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania. Zege huhimili kubanwa lakini ni dhaifu likivutwa, kwa hiyo mkunjo ule si pambo; ndio unaoupeleka uzito kwenye nguzo. Umbo hilohilo hukinga mvua na kuyashusha maji. Nani awezaye kuonyesha pale sanaa inapoishia na fizikia inapoanzia?

Wako watakaosema huo ni ujenzi tu, na kwamba fizikia ya msingi, ile ya chembe na asili ya ulimwengu, haiwahitaji wasanii. Lakini katika CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, chembe hugonganishwa ndani ya mtambo wa duara wenye mzingo wa kilomita 27. Kituo hichohicho kimekuwa na mpango wa kuwakaribisha wasanii tangu mwaka 2011, wakae na wanafizikia na kuulizana maswali. Chembe ya Higgs, ambayo kugunduliwa kwake kulitangazwa mwaka 2012, haijaonwa kwa jicho la mtu yeyote; ilitambuliwa kwa alama zinazobaki inapovunjika. Anayechunguza kisichoonekana hawezi kwenda mbali bila taswira, na taswira ndiyo kazi ya msanii.

Wengine hudai nchi maskini haina nafasi ya anasa ya kuchanganya sanaa na sayansi. Wamkumbuke Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari, alitengeneza aiskrimu na kuona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa darasani, lakini hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo yao, na hadi leo wanasayansi wanayajadili. Hakuanza na fomula. Alianza kwa kutazama kwa makini na kukataa kudharau alichokiona, na hiyo ndiyo nidhamu ya kwanza ya mchoraji yeyote.

Walimu, wapelekeni wanafunzi wa fizikia Kariakoo na daftari za kuchorea, na wa sanaa waende na rula na maswali ya nguvu na uzito. Wazazi, mtoto anayependa vyote viwili hajapotea njia. Msimlazimishe kuacha kimoja.