Propela Shafti Nyepesi: Tunanunua Kasi au Sifa?

Wasomi wenzangu, ukikaa Tengeru jioni utawasikia machalii wakibishana kuhusu Altezza, Mark X na Subaru. Mjadala ukinoga unaingia chini ya gari: toa propela shafti ya chuma, funga ya aluminiamu au ya kaboni, gari litaruka! Wengi wetu hatuna magari, lakini kaka zetu wanayo, na wanatuuliza sisi tunaosoma. Basi tuwajibu kwa hesabu.

Kazi ya shafti ni kupeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu ya nyuma. Haitengenezi nguvu. Kinachopungua ni uzito, tuseme kilo 5. Na kwa kuwa bomba lake ni jembamba, hata faida ya kuizungusha kwa wepesi ni ndogo. Ukijumlisha yote, ni kama umepunguza kilo 6 hivi kwenye gari la kilo 1,400. Abiria mmoja wa kilo 60 akishuka, umepata mara kumi ya hapo, bure.

Jambo zito ni balansi. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, shafti ya magari haya huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika. Ikiwa imepinda kidogo tu, inatetemeka, inakula krosi na beringi, na sili ya gia boksi inaanza kuvuja. Ikikatika njiani, inachapa sakafu uliyokalia.

Kaboni ni nyepesi na imara kweli, ila jiwe likiipasua, fundi hawezi kuichomelea. Na njia zetu za kupanda huku Akheri zina mawe. Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 na Subaru Impreza, alikuwa na timu nzima ya mafundi na vipuri. Kaka yako ana fundi mmoja, chini ya mti.

Kwa hiyo, shafti ikifa, mwambie atafute ya chuma, yenye urefu sahihi, iliyobalansiwa, ya krosi zinazopatikana Arusha. Amuulize muuzaji: ina kilo ngapi, na imebalansiwa kwa mizunguko mingapi? Akijibiwa "we funga tu, utaona", arudishe hela mfukoni. Inayobaki aitie kwenye matairi na breki. Kwenye makazi sheria inampa kilomita 50 kwa saa, na watoto wa shule wanavuka barabara hiyo hiyo.